Mtu wa Presha Haambiwi Kitu

Milimita alikwenda zahanati kuweka kioo cha dirisha, akarudi nyumbani na hofu.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwapo, ila halikuwa na kazi. Mtaa mzima ulimwita Milimita kwa sababu ya msemo wake, kwamba kwenye kioo milimita moja ni safari ndefu. Ukizidisha, kioo hakiingii kwenye fremu. Ukipunguza, kinacheza, na kioo kinachocheza siku moja upepo utakuja kukidai. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha kumtangulia mlangoni na mikono minene, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtu anayechambua mchele.

Siku hiyo alikuwa na Sindano, mwenzake wa karakana, mtu mwembamba mwenye mdomo usiopumzika. Walikuwa wamebeba kioo kimefungwa kwenye blanketi kuukuu. Chumba chenye dirisha bovu ndicho kilikuwa cha kupimia wagonjwa, na bado kilikuwa na watu, basi wakasubiri kwenye benchi. Foleni ilipokatika, muuguzi, mwanamke mfupi mwenye macho ya kukosa usingizi, akawaita waingie. Akamtazama Milimita alivyokuwa anahema kwa ngazi chache za mlangoni tu, akamwambia kabla hajashika nyundo akae ampime presha, haichukui muda.

"Mpime vizuri, sista," Sindano akasema. "Huyo mishipani anatembeza chai ya sukari."

Wakacheka wote. Kitambaa cha mashine kikajaa upepo, kikaubana mkono, kikaulegeza. Muuguzi akaangalia mashine, hakucheka tena. Akamwambia atulie, aegemee kiti, miguu ikanyage chini, na asiongee. Wakakaa kimya kidogo, akapima mara ya pili.

"Mia moja hamsini na mbili kwa tisini na sita," alisema. "Imepanda kidogo, fundi."

Baada ya hapo alieleza mengi. Kwamba kupima siku moja hakutoshi, arudi siku nyingine akiwa ametulia, waone kama inabaki pale pale. Kwamba kwa kiwango kile mtu huanza na maisha yake mwenyewe: apunguze chumvi, apunguze kitambi, atembee kila siku, alale usingizi wa kutosha. Kama akifanya hayo kwa moyo na bado haishuki, daktari atamwandikia dawa, na dawa si adhabu. Yote hayo yalipita masikioni mwa Milimita kama maji kwenye jani la mgomba. Neno lililobaki lilikuwa moja tu. Imepanda.

Kioo alikiweka, kikakaa. Lakini ile puti ya kukishikilia kioo pembeni aliipaka kama mtoto anayepaka siagi kwenye mkate, na Sindano aliona.

Ili uielewe hofu ya Milimita lazima umjue kaka yake. Kaka mtu alikuwa seremala. Mwaka juzi, asubuhi moja, alikuwa anapiga randa mlango wa mteja. Randa ikamtoka mkononi. Akainama kuiokota, na pale alipoinama ndipo alipobaki. Kiharusi. Hakuwa ameumwa kichwa, hakuwa amelalamika, na kifaa cha kupima presha hakijawahi kumgusa mkono. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ulikaa mapajani kama mzigo ambao mtu amemwomba amshikie kidogo kisha hakurudi kuuchukua. Mdomo ulivutwa upande. Alikuwa anaishi kwa dada yao, mitaa miwili kutoka kwa Milimita, na kila siku ya mapumziko Milimita alikwenda kumnyoa ndevu, maana kaka hakumwamini mtu mwingine kushika wembe karibu na koo lake.

Basi kwa Milimita presha haikuwa ugonjwa wa watu. Ilikuwa na sura, na sura yenyewe alikuwa anainyoa.

Alimwambia mkewe jioni ile, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mwingine. Mkewe akamwambia wifi yake. Na dada mtu akaja na funguo zake kiunoni zikilia.

Dada huyu alimfuata kaka yao kwa kuzaliwa, na ndiye aliyemlea Milimita mama yao alipofariki. Neno lake katika ukoo lilikuwa kama msumari, likishapigwa, kulitoa ni kuharibu ubao. Akakaa, akamtazama mdogo wake kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia mkewe watoke nje kidogo. Huko nje ikasomwa sheria ya ukoo, ambayo ilikuwapo kabla hata wao hawajazaliwa: mtu wa presha haambiwi kitu. Habari mbaya itampasua mshipa. Habari njema pia, kwa sababu furaha nayo ni mshtuko. Waliwahi kumficha mjomba wao kifo cha rafiki yake wa ujanani, mpaka mjomba mwenyewe akafa akiwa bado anamtumia salamu, na salamu za kujibu zilikuwa zinarudi.

Nyumba ikabadilika. Redio ikateremshwa mpaka mtangazaji akawa kama anasema ndani ya chupa. Binti yao, aliyekuwa na kawaida ya kufunga milango kwa kisigino, akaanza kutembea kwa ncha za vidole. Dada akaagiza Milimita asibebe kioo, asitembee kwa miguu, asipande ngazi, asibishane. Akaletewa kiti chenye mto, kikawekwa ukumbini mbali na dirisha, na kila akirudi kutoka kazini anakalishwa pale kama kuku anayeatamia. Dada mwenyewe akawa anakuja kumpikia. Chumvi, alisema, haitaingia nyumba hii hata punje. Na kweli haikuingia. Viliingia vidonge vya mchuzi, vile vya kufungwa kwenye karatasi ya kung'aa, viwili kwa kila sufuria, kwa sababu chakula kisicho na ladha kinamkatisha mtu tamaa ya kuishi. Hakuna aliyejua kwamba vile vidonge ni chumvi hiyo hiyo iliyobadilisha nguo.

Alipotaka kwenda kumnyoa kaka, dada akasema kaka ana mafua makali, asije akamwambukiza. Siku nyingine ya mapumziko ilipofika, mafua yalikuwa bado. Na nyingine tena.

Milimita hakuwa mjinga. Mtu anayeishi kwa kupima vitu anajua kitu kinapokuwa hakikai sawa. Akiingia jikoni, mkewe na dada wananyamaza, kisha mmoja anasema vitunguu vya siku hizi havitoi machozi kama vya zamani, na mwingine anakubali kwa nguvu. Vitunguu. Jana vitunguu, leo vitunguu. Akiuliza kuna nini, mkewe anamwambia hakuna kitu mume wangu, pumzika, kwa sauti laini ambayo hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba. Sauti ile ilimtisha. Akajiambia kwamba yule sista amemwita mkewe pembeni akamwambia yaliyo ya kweli. Ile "kidogo" ilikuwa ya kumtuliza. Hawa wanajua siku yake.

Kazini ikawa mbaya zaidi. Karakana ya vioo ina vioo vya kujitazama pia, vidogo na vikubwa, vimeegemezwa ukutani vikisubiri fremu, na popote alipogeuka alikutana na uso wake. Akaanza kujipima mdomo. Anatabasamu mbele ya kioo kimoja kuona kama pande zote mbili zinapanda sawasawa, anahamia kingine, maana kioo cha kwanza huenda kina wimbi. Wateja wakadhani Milimita amepata heri gani siku hizi, anachekacheka peke yake. Mama mmoja aliyekuja kuchukua kioo cha kabati akamrudishia tabasamu, akaaga kwa haraka.

Mkono nao. Kukata kioo ni mstari mmoja. Unachovya kigurudumu cha kisu kwenye mafuta ya taa, unakandamiza rula, unavuta mara moja bila kurudia, kisha unavunja. Ukisita katikati, kioo kinajua. Na sasa kila alipovuta, alikuwa anasikiliza mkono badala ya kuutumia: umekufa ganzi? Huu mzito ni mzito wa kawaida? Akasita. Kioo kikapasuka kwa njia yake chenyewe, kikakata kona kwa kona. Hilo halikuwa limemtokea kwa miaka. Alimsubiri Sindano aseme kitu, hata matusi. Sindano akachukua fagio, akafagia vipande taratibu, akamwambia, "Usijali, bosi. Pumzika kidogo."

Sindano kuacha mzaha kulimtisha kuliko mashine ya sista.

Siku hiyo hiyo, akitoka kazini, akaingia duka la dawa ambalo lilikuwa na mashine ya kupimia juu ya kaunta. Alikuwa amepanda kilima mbiombio ili asionekane na mtu wa nyumbani, shati limemganda mgongoni. Kijana wa duka akamwambia akae kwanza apumzike. Hakukaa. Aliunyoosha mkono akiwa amesimama, moyo ukimgonga mpaka kwenye meno. Mia moja sitini na sita kwa mia moja na mbili. Yule kijana akaanza kusema kwamba hapo haijapimwa vizuri, lakini alikuwa anasema na mgongo wa shati lililolowa, Milimita ameshatoka.

Nyumbani hakusema neno. Sasa na yeye alikuwa anaficha. Wote waliokuwa chini ya bati lile walikuwa wamebeba siri, wanapishana nayo mlangoni, samahani pita, hapana pita wewe.

Kesho yake, dada alipomwona amekaa kwenye kile kiti rangi imemtoka, akafungua fundo la leso, akatoa vidonge vyeupe ambavyo havikuwa na pakiti.

"Meza kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vilimfaa sana jirani."

"Jirani yupi?"

"Yule wa nyumba ya kona."

Milimita akafikiri kidogo. "Si alikufa yule, dada?"

"Alikufa kwa mambo mengine," dada akasema, akaingia jikoni.

Akabaki na kidonge kiganjani. Kilikuwa kidogo sana, na aliogopa vyote viwili, kukimeza na kutokukimeza. Mtu mmoja tu aliyemjua alikuwa anameza dawa za presha kila siku na bado yuko hai, naye ni kaka. Kaka angejua. Mafua au si mafua, leo ataulizwa. Dada yuko hapa na masufuria yake, hivyo mlango wa kwake hauna askari. Milimita akachukua viatu mkononi, akapita uani.

Alitembea mitaa ile miwili kama mtu anayevuka mto juu ya mti mmoja. Kila hatua alisubiri kitu kikatike kichwani. Alipita kwa muuza mkaa, akapita kwa fundi baiskeli, wakamsalimu, akaitikia bila kugeuza shingo, maana aliwaza shingo ndiyo mishipa inapopita. Njiani akaanza kuamini kwamba kaka naye hayupo. Mafua gani hayaishi? Wamemzika kimya kimya, mtu wa presha haambiwi, na yeye alikuwa amekalishwa kwenye mto anapewa supu. Alipoushika mlango wa uani kwa dada, komeo likapiga kelele.

Kaka alikuwa hai. Hakuwa hata kitandani. Alikuwa amesimama uani, fimbo mkono wa kushoto, anafuata ukuta hatua kwa hatua, mguu wa kulia ukichora mstari mchangani. Kila baada ya hatua kadhaa alipumzika akiegemea ukuta, kisha akaendelea. Ndevu zilikuwa zimemjaa kama mtu aliyepotea porini. Alipogeuka akamwona mdogo wake mlangoni, viatu bado viko mkononi, fimbo ikamtoka.

Milimita akakimbia kumshika. Wakashikana pale, ndugu wawili wanaoyumba, hakuna aliyejua nani anamzuia nani asianguke.

"Wamesema umesafiri," kaka alisema. Maneno yake yalitoka polepole, moja moja, kama watu wanaotoka mlango mwembamba. "Fundi vioo... anasafiri kwenda wapi? Nikajua umekufa."

"Mimi waliniambia una mafua. Nikajua umezikwa."

Kaka akamtazama. Kisha upande mmoja wa uso wake ukaanza kucheka, ule mwingine ukabaki pale pale, na Milimita, ambaye alikuwa ameogopa mdomo ule wiki zote hizo, akajikuta anacheka nao mpaka akakaa chini. Kumbe naye kaka ni mtu wa presha. Naye haambiwi. Dada yao alikuwa anavuka barabara asubuhi na jioni, anamficha huyu kwa yule na yule kwa huyu, na kote kote anaacha sufuria la supu.

Walipomaliza kucheka, hofu ilirudi ikakaa pale pale ilipokuwa. Milimita akatoa kidonge, akamwonyesha, akamwambia yote: zahanati, namba, duka la dawa, mkono uliosita. Kaka alikitazama kidonge bila kukigusa.

"Tupa. Zangu waliniandikia baada ya kunipima mimi. Hicho ni cha marehemu."

"Naogopa, kaka. Nikirudi kule watanikuta nimeshaharibika."

Kaka alichukua muda mrefu kulipanga jibu. Mate yakamtoka pembeni, Milimita akamfuta kwa mkono wa shati.

"Mimi hakuna aliyeniambia," kaka alisema. "Hata mtu mmoja. Ningeambiwa imepanda kidogo, ningeshika randa mpaka leo. Wewe umeambiwa. Halafu unakaa."

"Naogopa."

"Ogopa huku unakwenda."

Basi akaenda. Hakwenda na ushujaa wowote, alikwenda na mkewe, aliyemshika kiwiko njia nzima kama anampeleka kwa mkuu wa shule. Alikuwa amemwambia kwamba kama kuna jambo sista alimweleza pembeni, na aliseme mbele yake leo. Mkewe akashangaa. Hakuwahi kumwona yule sista maishani mwake. Walichokuwa wanamficha jikoni kilikuwa kwamba kaka naye anafichwa habari zake.

Muuguzi alimkalisha, akamwacha akae kimya kwanza mpaka pumzi zikarudi mahali pake, akapima, akapumzika, akapima tena. Mia moja arobaini na nane kwa tisini na nne. Bado iko juu, alisema, na bado ni kidogo. Akauliza kuhusu ile ya duka la dawa, akaambiwa habari ya kilima na shati na kusimama, akatikisa kichwa. Mtu akitoka mbio na hofu, hata mashine inaogopa naye. Kisha akauliza wanakula nini. Mkewe Milimita akajinyoosha kwa fahari, akasema nyumbani kwao chumvi haijaonekana tangu siku ile. Supu tu.

"Na ladha mnapata wapi?" muuguzi akauliza.

Mkewe akataja vile vidonge. Muuguzi akafumba macho kidogo. Halafu akafungua droo, akatoa karatasi ya kung'aa ya kidonge cha mchuzi, inaelekea hawakuwa wa kwanza, akaonyesha kwa kucha mahali palipoandikwa kilichomo ndani. Mke wa Milimita alisoma, akasoma tena, na uso wake ukaanguka. "Kumbe tulikuwa tunamuua kwa kijiko," alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi akamwambia hapana, hawakujua, na sasa wanajua. Waweke limao, vitunguu, nyanya, tangawizi, chumvi iwe ya kubana kwa vidole viwili na kupungua kidogo kidogo, ulimi utazoea. Yule mto wautoe kwenye kiti. Atembee. Abebe kioo chake kama yuko mzima. Na akae nyumba ambayo watu wanaongea, kwa sababu hakuna presha inayoshuka mtu akiwa anasikiliza minong'ono.

Jioni ile Milimita aliwakusanya mkewe, binti na dada, akasema kuanzia leo yeye anaambiwa. Dada akasema huko ni kujitafutia kifo. Milimita, ambaye hakuwahi kumjibu dada yake katika maisha yake yote, akasema hata hicho aambiwe. Binti ndiye aliyeanza, akasema alikuwa amefeli hesabu. Mkewe akasema bati la chooni linavuja tangu mvua ya kwanza. Na kabati la kioo walilopewa na mama mkwe? Lilishapasuka, yeye mkewe alilipiga kwa mpini wa fagio. Kisha wakanogewa, yakatoka mambo ambayo hata hayakuwa ya kufichwa, nani alisema nini kwenye harusi ya nani, na Milimita amekaa katikati, mkono kifuani, anasikiliza moyo. Ulikwenda mbio pale penye bati. Kisha ukatulia wenyewe. Hakuanguka.

Miezi iliyofuata haikuwa na utamu. Chakula mwanzoni kilikuwa kama kula mvuke, na mara moja alikamatwa na binti yake jikoni amelowesha kidole anaelekea kwenye kopo la chumvi. Alitembea kila asubuhi kwenda kwa kaka kabla ya kazi, wakazunguka uani pamoja, mmoja anachora mchanga, mwingine anahema, kaka akimtania kwamba yeye mwenye mguu mmoja na nusu anamsubiri mwenye miwili. Ndevu zilinyolewa. Sindano alirudishiwa ruhusa ya mzaha, akaitumia yote kwa siku moja. Mkanda wa suruali ulirudi nyuma tundu moja, kisha jingine. Hofu haikuondoka. Ilikuwa kama mpangaji wa chumba cha nyuma, siku nyingine humsikii, siku nyingine anakohoa. Akipoteza neno kidogo katika mazungumzo, alikuwa anajitazama mdomo. Ila mstari wa kioo alikuwa anauvuta bila kusita.

Alipokwenda kupimwa tena baada ya muda aliopangiwa, dada alisema atamsindikiza, kuhakikisha hawamdanganyi. Mia moja thelathini na sita kwa themanini na sita. Muuguzi alitabasamu, akamwambia asije akafanya sherehe ya nyama ya chumvi. Haijafika pale inapotakiwa hasa, na hata ikifika, hii si kazi ya kumaliza ukakunja vifaa, ni ya kila siku. Milimita akashusha pumzi ndefu. Akatoka nje, akasimama kwenye jua kidogo.

Huko ndani muuguzi alikuwa amemwambia dada mtu, kwa kuwa yupo, na yeye akae apimwe. Dada alikataa, akasema yeye tangu azaliwe hajawahi kuumwa hata jino. Muuguzi akasema basi itakuwa rahisi. Mlango ukafungwa.

Alipotoka alikuwa amenyoosha mgongo kama kawaida yake. "Wamesema niko sawa," alisema. "Twende, nina sufuria jikoni." Lakini hakwenda. Alikaa kwenye benchi la nje, akazishika funguo zake zote kwa mkono mmoja, akazibana zisilie.

Milimita alikujua kukaa kule. Alikuwa amekaa hivyo hivyo siku nyingi, kwenye mto, mbali na dirisha. Akamtazama dada yake aliyemlea, mikono iliyowahi kumvalisha viatu, na woga ukamjaa upya, mkubwa kuliko wa kwake mwenyewe, kiasi kwamba kwa dakika nzima alitamani sana kumkubalia. Uko sawa, dada. Twende. Ingekuwa rahisi, na hiyo ndiyo sheria.

Akakaa karibu yake.

"Ngapi, dada?"

Dada alitazama barabarani. Mtu alipita na mkokoteni wa maji, akampisha mbuzi, akaendelea.

"Usimwambie kaka," alisema.

"Ngapi?"

Midomo yake ilitembea kabla sauti haijafika. "Mia moja sabini na nane," alisema. "Kwa mia moja na nane. Alipima mara tatu. Anasema yangu si ya chumvi peke yake, nirudi leo mchana nimwone daktari." Kisha, kwa sauti ambayo Milimita hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye kifua kile, akasema, "Mdogo wangu, mimi naogopa."

Milimita hakumwambia asiogope. Aliichukua ile mikono miwili pamoja na funguo zake, akaishika, na wakabaki pale kwenye benchi kumsubiri daktari.